Ndoo

Mwalimu alinichagua niwe mkalimani. Nirudie ili mnielewe: wanafunzi 14 wa chuo kimoja cha Dar es Salaam tunakwenda Lamu, kwa Waswahili wenyewe, na tumebeba mkalimani wa Kiswahili. Kwenye msafara alikuwamo dada mmoja wa Ujerumani aliyekuja kusoma kwetu muhula mmoja, na kazi yangu ilikuwa kumfafanulia yatakayomtatiza. Cheo kikanipanda kichwani tangu Horohoro, pasipoti zilipogongwa mihuri. Mombasa kikapanda, Malindi kikapanda, na tuliposhuka kwenye basi Mokowe kuingia botini nilikuwa nimeshaamua kuwasahihisha Wakenya bila kuwatoza hata senti.

Wabongo tuna ugonjwa huo. Mwaka 1928 watu walikaa Mombasa wakakubaliana Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, basi kila aliyezaliwa kusini ya mpaka, hata kama Kiswahili amekutana nacho darasa la kwanza, anajiona ndiye mwenye nyumba.

Dalili za kwanza nilizipuuza. Asubuhi ya siku ya matembezi tulikuwa Usita wa Mui, njia yao kuu, ambayo upana wake ni punda mmoja mwenye mzigo na mtu mmoja aliyejibanza ukutani. Aliyejibanza nilikuwa mimi. Mama aliyetuuzia mahamri akatuambia tukifika Shela tutaona mtanga mweupe. Sasa, mwenzetu mmoja ni wa Tanga, Mdigo kabisa. Akaacha kutafuna.

"Mama, huyo Mtanga ni wa ukoo gani?"

Mama akamtazama, akatutazama sisi, kisha akainama, akachota mchanga kidogo kwa vidole na kuumwaga mbele ya viatu vyake. "Mtanga," akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto.

Mjerumani akatabasamu, akaandika kitu kwenye daftari lake. Ningekuwa na akili ningemwomba nisome.

Tukapanda mashua kwenda Takwa, magofu yaliyoko kisiwa cha Manda. Kufika huko ni kupenya mkono wa bahari katikati ya mikoko, na mashua hupita maji yakiwa yamejaa tu. Nahodha, mzee mwembamba wa kikoi na kofia, alimweleza Mwalimu kwa Kiswahili chetu sisi wageni: maji yanajaa saa sita, saa saba na nusu kila mtu awe chomboni. Mwalimu akaitikia. Sisi tulikuwa tunapiga picha.

Takwa penyewe pazuri, sitaki mseme nimekwenda kulalamika tu. Msikiti wa Ijumaa bado umesimama, na juu ya ukuta wa kibla pana nguzo, jambo ambalo sijaliona msikiti mwingine. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo lenye tarehe ya Hijria inayoangukia 1681 au 1682. Hapo Mwalimu akatia nanga. Akatuuliza kwa nini watu walihama mji mzuri hivi. Wa kusema maji ya kisima yaliingia chumvi akasema, wa kusema vita akasema, na saa ikawa inakwenda.

Mimi nikajitenga kuelekea pwani kutafuta kivuli. Ndipo nikamsikia nahodha, amesimama kwenye omo ya mashua, viganja mdomoni:

"Ndooo! Ndooni nyote! Mai yapwa!"

Upepo ulikuwa unakula nusu ya maneno, lakini "ndoo" ilinifika nzima, na "mai" nikajiongeza kuwa ni maji. Ndoo. Maji. Mzee wa watu anapunga mikono. Mashua inavuja!

Nikarudi mbio. "Jamani, chombo kinaingia maji! Nahodha anataka ndoo!"

Mjerumani akainua kidole kama yuko darasani. "Samahani. Ndoo, kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, si ni njoo? Kama ndia kwa njia, na ndaa kwa njaa?"

Nikamwekea mkono begani. Naandika haya na mkono ule bado unaniuma kwa aibu. "Dada," nikamwambia, "hii lugha yetu. Wewe tafuta ndoo."

Watu wazima 15, pamoja na Mwalimu, tukatawanyika magofuni kutafuta ndoo. Mmoja alichungulia mpaka kisimani. Mlinzi wa pale alikuwa kwenye sala ya Adhuhuri, asiulizwe. Mwishowe nikaiona nyuma ya kibanda chake: ya bluu, imepasuka ukingo, mkono wake ni kamba ya katani, chini imeganda saruji. Nikaikwapua, nikateremka nayo pwani kwa kasi, wenzangu nyuma yangu wakishangilia.

Nahodha hakuwa anapiga kelele tena. Mashua ilikuwa imelala ubavu kwenye tope, kavu kabisa, na kaa wanapita chini yake kama wakaguzi.

Nikamkabidhi ndoo. Akaichungulia ndani. Akaigeuza, akagonga kitako chake mara mbili, akaiweka topeni, akaikalia.

"Mwanangu," akasema, "nimekwambia ndoo."

"Ndiyo hiyo, mzee."

Mjerumani alikuwa mtu wa kwanza kucheka, na sikuwa na la kumfafanulia.

Ilikuwa saa nane mchana. Maji yakimbie mpaka yaishe, yatulie, yaanze kurudi, yafike pale yalipotuachia: hesabu ya nahodha ilikuwa saa tano usiku, na haikukosea hata robo saa. Ngome ya Lamu, tuliyopangiwa saa tisa, ilitukosa. Hotuba ya shukrani ya jioni, ambayo mimi ndiye ningeitoa kwa Kiswahili fasaha, nashukuru nayo ilitukosa. Mlinzi alikuja kuulizia ndoo yake akakuta imekaliwa, akapewa habari yote, naye akakaa chini akacheka mpaka akavua kofia kujifuta machozi. Jua lilipoanza kuzama kijana wa nahodha akaichukua akaingia nayo mikokoni, akarudi na kaa nusu ndoo. Tulikula kwa zamu kutoka jiko la makaa la mashuani. Kuhusu watu wa Takwa, mimi baada ya Magharibi nilishapata jibu langu. Si chumvi, si vita. Ni mbu.

Tulifika Lamu usiku wa manane, na ndoo tumekuja nayo kwa usahaulifu. Asubuhi Mwalimu akanituma gatini nimpe nahodha airudishe Takwa. Huku nyuma wenzangu walikuwa wameshanibatiza, na jina lilinitangulia: watoto wa Usita wa Mui waliniita nikipita, na sijui nani aliwaambia.

Nahodha aliniona kwa mbali, akainua mkono.

"Ndoo!"

Nikasimama katikati ya gati na ile kitu ya bluu mkononi. Ananiita nije? Anataka ndoo? Au ndiyo ananitaja jina?

Nikaiinua juu aione, nikaenda.