Babu yangu alikuwa Mjapani, mimi nasema Kichina

Watu wa Lubumbashi, mji wetu wa migodi kusini mwa Kongo, hawana ubahili wa kumgawia mtu kabila. Ukiwa na macho kama yangu, watoto wa mtaa wa Katuba wanakuita Mushinwa, yaani Mchina, hata kabla hujafika kwenye kona. Wakubwa wao, ukisha kuwaeleza kwamba babu alikuwa Mjapani, wanakutolea swali jingine: “Sasa weye, juu ya nini haujue luga ya babu yako?” Swali hilo limenifuata shuleni, kanisani na kwenye foleni ya benki. Tangu niingie katika ukalimani wa Kichina limegeuka lawama kamili. Mjukuu wa Mjapani anasema Kichina! Amekana damu, amefuata pesa.

Kwa upande wa pesa wamepatia. Hapa kwetu Kichina ni kazi. Mwaka 2008 serikali ilitia sahihi na makampuni ya Kichina ule mkataba mkubwa wa kubadilishana madini na miundombinu, ndio uliozaa kampuni ya madini ya Sicomines kule Kolwezi. Mwaka 2016 China Molybdenum ikanunua sehemu ya Wamarekani katika mgodi wa Tenke Fungurume. Kuanzia Kasumbalesa hadi Kolwezi utakuta karani Mkongo na injinia Mchina wanaelewana kwa vidole, kwa Kifaransa cha kubahatisha na kwa programu ya simu. Anayeweza kukaa katikati yao akasema lugha zote mbili hakosi bukari, ugali wetu, mezani. Kijapani, mjini hapa, ningemsemesha nani?

Lakini lawama ya damu ndiyo ninayotaka kuijibu, kwa sababu naona inaanza kuwaangukia watoto wadogo kuliko mimi.

Msomaji wa mbali huenda hajui kwamba Wajapani waliwatangulia Wachina huku Katanga, eneo letu la migodi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Kijapani ilipata kibali cha kuchimba shaba Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia, na katika miaka ya 1970 mgodi ukawa unafanya kazi, na kambi ya wafanyakazi, na hospitali. Wanaume walikuja kwa mikataba, wengi bila familia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaondoka. Walioacha watoto waliacha watoto. Mama yangu ni mmoja wao. Alikuwa bado anatambaa baba yake alipopanda ndege, na hakubaki na hata picha. Alikua na Kibemba cha bibi, Kiswahili cha kambi na Kifaransa cha shule ya masista. Hakuna siku mtu alimwamsha kwa Kijapani, akamgombeza kwa Kijapani, akamuuliza kwa Kijapani kama ameshiba.

Kwa hiyo nikisikia kwamba mimi nina deni la Kijapani, nashangaa hesabu zilivyofanywa. Ni sawa na kumdai mtu mchango wa likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ambayo hajawahi kuingia. Lugha anaitoa mzazi, anaitoa nyumbani, kila siku, mpaka mtoto anaichoka. Mzazi asipoitoa, deni linabaki kwake. Halimshukii mtoto, wala mjukuu halirithi.

Hata sheria ilitupita. Tarehe 4 Juni 2008 Mahakama ya Juu Kabisa ya Japani iliamua kwamba sheria ya uraia iliwabagua watoto wa baba Mjapani na mama mgeni waliozaliwa nje ya ndoa na kutambuliwa na baba baada ya kuzaliwa. Kesi ilikuwa ya watoto wa akina mama Wafilipino. Sheria ikarekebishwa, ikaanza kutumika Januari 2009, ila wakati huo kwa mtoto ambaye baba amemtambua na ambaye hajatimiza miaka 20. Watoto wa Musoshi wakati huo walikuwa watu wazima wanaolipa karo za watoto wao, mimi nikiwa mmoja wa hao wanaolipiwa. Na hata kama mmoja wao angeupata uraia huo, Katiba yetu ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine, kwa hiyo angelazimika kuchagua. Sasa mtu aliyekosa jina la baba, akakosa pasi, akakosa na nyimbo za kubembelezwa, kwa nini adaiwe sarufi?

Wapo wanaoniambia kwa upole zaidi: jifunze, watakupokea. Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Ariana Miyamoto alizaliwa Nagasaki kwa mama Mjapani na baba Mmarekani mweusi, Kijapani ndiyo lugha aliyokua nayo, na alipochaguliwa mwaka 2015 kuiwakilisha Japani katika Miss Universe watu walijaa mitandaoni kusema hafanani na Mjapani wa kutosha. Upande wa Wachina kuna Lou Jing wa Shanghai, aliyeonekana kwenye mashindano ya televisheni mwaka 2009. Baba yake Mmarekani mweusi, mama Mchina, yeye anasema Kichina na hata lahaja ya Shanghai kama jirani yeyote wa mtaani kwao. Alitukanwa vilevile. Wasichana hawa wawili walikuwa na lugha kamili mdomoni, na haikuwafungulia mlango ambao watu walikuwa wameamua kuufunga. Anayesoma Kijapani au Kichina akitafuta kukubaliwa na ukoo atachoka kabla hajamaliza kitabu cha kwanza. Asome kwa sababu nyingine: kazi, nyimbo, vita vya panga vya kwenye filamu, chochote.

Na hapa nina wivu kidogo na wasichana wa mtaa wa Kampemba wanaojifunza Kikorea kwa tamthilia. Hawana hata tone la damu ya Seoul. Wanajua herufi zile ambazo mfalme Sejong alizitangaza mwaka 1446, wanaandika majina yao kwenye daftari, wanaimba, na kila mtu anawapongeza kwa akili. Hakuna anayewauliza wana haki gani. Mimi nataka nipewe uhuru huohuo, wa kusoma lugha ya watu kama mtu mwingine yeyote.

Jambo jingine linalonichosha ni wanaosema kwamba kwangu ni rahisi, “iko ndani yako”. Ingekuwa ndani yangu ningeitafuta. Darasani kwetu, kwa mwalimu Mkongo aliyesomea Uchina, aliyetuacha wote nyuma kwenye toni alikuwa kijana wa Kasai asiye na ndugu hata mmoja mashariki ya Mombasa. Sababu si siri. Tshiluba, lugha ya kwao Kasai, kina toni: sauti ikipanda au ikishuka, maana inabadilika. Kiluba hivyo, Kibemba hivyo, Lingala hivyo. Kichina sanifu kina toni nne, na moja hafifu ya ziada, zenye mipindo ambayo ya kwetu haina, lakini sikio lililozoea kusikiliza kimo cha sauti limeshafika nusu ya njia. Mimi nililelewa zaidi kwa Kiswahili, ambacho toni zake kilizipoteza zamani. Kibemba cha bibi nilikuwa nakisikia nikijibu kwa Kiswahili. Nilipoanza kumjibu bibi kwa lugha yake, toni za Kichina zikaanza kukaa. Huo ndio urithi ulionisaidia, na ulitoka upande ambao hakuna aliyeutazamia.

Chuo cha Marekani kinachofundisha lugha wanadiplomasia kinakadiria saa 2,200 za darasa kwa Kichina, Kijapani au Kikorea, na kama 900 kwa Kiswahili. Hesabu hiyo ni ya mtu aliyezaliwa na Kiingereza peke yake. Hakuna aliyekaa kutuhesabia sisi tunaovuka lugha tatu kabla ya saa sita mchana. Nadhani tungepunguziwa saa kadhaa. Mzungu anateseka na maneno ya kuhesabia ya Kichina: karatasi na meza zinahesabiwa kwa neno moja, mto wa maji na suruali na samaki kwa jingine, vitabu kwa jingine tena. Kijapani nacho kina mtindo huohuo. Mwenye Kiswahili anatazama hayo yote, anaona ngeli zimevaa nguo nyingine, anaendelea na kazi. (Ndiyo, najua, sisi wa Lubumbashi tunaosema “kitabu yangu” hatuna ujasiri wa kumtisha mtu kwa ngeli. Ndugu wa Dar, nimewaona mkicheka.)

Kijapani kwa matamshi ni karibu zaidi. Irabu tano, a e i o u, na silabi ambazo karibu zote zinaishia kwenye irabu. Mpe mtoto yeyote wa Kamalondo asome Yokohama, Nagasaki, Hiroshima. Atasoma vizuri kuliko mwalimu wake wa Kifaransa, ambaye h imemshinda tangu kuzaliwa. Hilo la mwisho, Hiroshima, Mkatanga ana sababu nyingine ya kulijua. Sehemu kubwa ya urani ya Wamarekani waliotengeneza bomu la 1945 ilitoka Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi. Kwa hiyo udongo wetu ulifika Japani kabla babu yangu hajafika kwetu. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Nalitaja tu.

Wanaonilaumu pia hawajui kwamba Kichina kimenipa robo ya Kijapani kupitia mlango wa nyuma. Wajapani waliazima maandishi kutoka Uchina zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na orodha yao rasmi ya herufi hizo, kanji, ina 2,136. Nikishika gazeti la Kijapani naambulia kichwa cha habari: uchaguzi, mvua kubwa, bei ya mchele. Sauti sizijui, na viambishi vyao vya katikati vinanipita kama basi lililojaa, lakini macho yanashika maana. Kuna herufi zinazodanganya, kwa kuwa Japani ilirahisisha zake kuanzia 1946 na Uchina ikarahisisha kwa namna yake kuanzia 1956. Hata hivyo siku nikitaka kukisoma sitaanzia sifuri. Nikitaka.

Wachina wenyewe wana swali lao. Wakiona uso wangu wanaanza kunisemesha mbiombio, wakidhani baba yangu ni mwenzao. Nikisema babu alikuwa Mjapani, wengine wanacheka, wengine wananyamaza kidogo, hasa wazee wa Nanjing na karibu yake, ambako jeshi la Japani liliua watu wengi mno Desemba 1937. Siwalaumu. Mtu aliyesikia hayo kwa bibi yake hawezi kuyaacha uwanja wa ndege wa Luano. Mimi nawaambia nimekulia Katuba, halafu tunarudi kwenye bei ya asidi ya mgodini.

Sasa nifike kwa watoto. Lubumbashi ya leo ina watoto wa baba Mchina na mama Mkongo, na baadhi yao, tofauti na mama yangu, baba yao yupo. Anarudi jioni, anavua viatu, anakula. Na anamsemesha mtoto Kifaransa kibovu, au Kiswahili cha sokoni! Nimeuliza sababu katika nyumba kadhaa. Baba anasema amechoka. Anasema Kichina ni kigumu, mtoto atachanganyikiwa. Mtoto huyo ana Kiswahili cha barabara, Kisanga cha bibi na Kifaransa cha shule, na hajachanganyikiwa hata siku moja. Lugha ya nne ndiyo itamvunja kichwa? Maandishi yanaweza kungoja hadi shule. Toni hazingoji. Mtoto wa miaka miwili anazinyonya bila somo, na mimi niliyezianza nikiwa na ndevu najua gharama yake.

Akina mama nao wengine wanazuia. Wanaogopa kwamba mtoto akijua lugha, baba atamchukua aende naye. Mama zangu, hofu hiyo naielewa, nimezaliwa ndani yake. Lakini anayetaka kumtorosha mtoto anahitaji tiketi na karatasi, msamiati hauhitaji. Zifungieni karatasi, lugha iacheni ipite. Mtoto akikosa lugha leo, baada ya miaka 20 watu walewale watamsimamisha kwenye foleni ya benki wamuulize juu ya nini hajue luga ya baba yake, na yeye ndiye atakayeona haya, wala si aliyenyamaza mezani.

Na baba ambaye mkataba umeisha, amerudi Hunan au Sichuan, kama anaweza kutuma pesa ya shule anaweza kutuma na sauti. WeChat, programu ya simu ya Wachina, inapokea ujumbe wa sauti wa sekunde 60. Zinatosha kumuuliza mtoto amekula nini leo, na mtoto naye ana sekunde 60 zake za kujibu.