Punguza Nyama, Usiguse Kitunguu

Mambo yakianza kuyumba, kipato hakieleweki na bei zinapanda, watu wengi hukimbilia kujaza stoo. Magunia, makopo, madumu ya mafuta. Siwalaumu, hofu ni hofu. Lakini stoo nyingi za namna hiyo huishia kulisha wadudu, na mwenye nyumba bado anauliza leo tunakula nini. Mimi naona chakula hurefushwa jikoni zaidi kuliko dukani, na anayekirefusha ni mpishi anayebandika sufuria leo akijua kesho itageuka kuwa nini.

Chukua maharage makavu. Kikombe kimoja kikiiva hutoa karibu vitatu. Yaloweke usiku kucha na chumvi kidogo, ganda litalainika na yataiva upesi, maana moto nao ni sehemu ya bei ya chakula ingawa wengi hatuuhesabu. Maji ya kulowekea yamwage. Maharage mekundu yachemke kwelikweli walau dakika 10, na 30 ni salama zaidi, ndipo upunguze moto. Yakipikwa kwa moto mdogo tu tangu mwanzo, sumu yake ya asili haiondoki. Nyanya zisubiri. Ukizitia mapema, ule uchachu wake hufanya maharage yakawie kulainika, nawe unakaa hapo unateketeza moto bure. Siku ya kwanza yaunge mazito. Yanayobaki yaweke kwenye friji, kesho yaongeze maji na mboga yawe supu, na kile kinachoganda chini ya bakuli kiponde upake kwenye mkate. Rojo lake usithubutu kulimwaga.

Kwenye nyama nina msimamo ambao nyumbani kwangu si wote wanaoupenda: ipunguze, ila kitunguu, chumvi na mafuta kidogo usiviguse. Robo kilo ikikatwa vipande vidogo, ikakaangwa mpaka iwe ya kahawia, kisha ikaingia kwenye sufuria ya dengu, kila mtu mezani ataisikia. Nafaka na jamii ya kunde zinakamilishana kwa protini, kwa hiyo mwili haupunjwi. Lakini ukibana viungo, chakula kinasusiwa, na hakuna chakula ghali kama kilichosusiwa.

Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ilikadiria kwamba mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula duniani, na asilimia 60 zilitoka majumbani. Tumezoea kusema ni mahoteli. Kumbe ni sisi, na karoti zetu zilizonyauka nyuma ya friji! Ndiyo maana naona orodha ya kwanza kuandikwa iwe ya vitu vinavyokaribia kuharibika, ya kununua ifuate. Mashina ya mboga za majani, kwa mfano, hayana kosa lolote: yakate madogo, yatangulie kwenye kitunguu, majani yaje mwishoni.

Kuna mahali ubahili unageuka hatari, na hapo siungi mkono mtu yeyote. Kiporo cha wali. Mchele huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo huvumilia kuchemshwa. Wali ukilala mezani zinaamka, bakteria wanazaana na kutoa sumu ambayo hata ukipasha moto haiondoki. Kwa hiyo wali unaobaki utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, na uliwe kesho yake, umepashwa mpaka unafuka mvuke. Asiye na friji apime mchele wa mlo mmoja tu. Uliolala nje utupe, hata kama roho inauma.