Ugumu wa uvimbe wa titi: ngome ya saratani au uzio wake?

Kisu cha mtaalamu wa patholojia kikipita kwenye uvimbe wa saratani ya titi, mara nyingi hukwaruza kama kinakata pera bichi. Ndio ugumu ule ule ambao mwanamke huukuta kwa vidole akijikagua. Wengi hudhani ni seli za saratani zimejaa pale. Sehemu kubwa yake ni kolajeni, protini ya ngozi na kano, iliyotandazwa nje ya seli pamoja na protini nyingine kama fibronektini na tenasini, kisha ikakazwa na kimeng'enya kiitwacho lisili oksidasi. Mtandao huu wa nje ya seli ndio ninaouita kiunzi.

Wanaokiona kiunzi hiki kuwa adui wana hoja nzito. Mwaka 1997, kwenye maabara ya Mina Bissell huko Berkeley, Marekani, seli za saratani ya titi zilizibwa integrini, yaani mikono ambayo seli hukishikia kiunzi. Zikaacha vurugu, zikajipanga duara kama seli za titi zima, na kasoro zao za jeni zikiwa palepale! Mwaka 2009 Valerie Weaver na wenzake walikizuia kile kimeng'enya ndani ya panya; tishu za matiti zikalainika, na saratani ikapunguza kasi. Tena kwenye uvimbe mkali, nyuzi za kolajeni huonekana zimenyooka kutoka ukingoni kuelekea nje, na seli huzifuata kama sisimizi kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Basi kibomolewe? Hapo nasita. Mwaka 2014 watafiti waliondoa sehemu ya tishu inayozunguka saratani ya kongosho katika panya, na saratani ikawa kali zaidi, panya wakafa mapema. Kongosho si titi, nakubali, lakini onyo limetolewa. Na waliojaribu kinyume chake, kukilinda kiunzi kisimeng'enywe ili saratani isipate pa kupenya, nao hawakufika mbali: dawa ya marimastati haikuwasaidia wanawake ambao saratani ya matiti ilikuwa imeshasambaa, ila iliwaachia maumivu ya misuli na viungo.

Kwa maoni yangu kosa liko kwenye kukiita kiunzi kwa jina moja. Laminini, protini nyingine ya kiunzi inayoizunguka mirija ya maziwa, ndiyo inayozifundisha seli adabu, zijue juu ni wapi na chini ni wapi. Kolajeni iliyokazwa kupita kiasi huzisukuma zitoke. Dawa isiyojua kuzitenganisha hizi mbili ni kama kufukuza panya kwa kuchoma ghala.

Kwa sasa ningeweka fedha kwenye kukisoma kiunzi kabla ya kukigusa. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wagonjwa wenye nyuzi zilizonyooka hivyo waliishi muda mfupi zaidi. Darubini ya leza iliyotumika ni ghali, lakini rangi nyekundu ya pikrosirio nayo huzidhihirisha nyuzi za kolajeni, na kipande cha nyama cha kupaka rangi hiyo kimeshakatwa siku mgonjwa alipopimwa.