Kinywe cha Ruangwa: Tumuuzie Nani, na Kikiwa Katika Hali Gani?

Ukilisugua jiwe la kinywe (grafiti) kutoka Ruangwa, mkoani Lindi, kwa kidole gumba, kidole hubaki na rangi ya kijivu inayong'aa na kuteleza kama kilichopakwa grisi. Ni madini yaleyale yaliyomo ndani ya penseli, ila siku hizi yanasakwa kwa sababu hutengenezea upande hasi wa betri za magari ya umeme, na yana kazi katika zana za kivita pia. Ndiyo maana mataifa makubwa yanatazamana kwa mashaka kuhusu nani anunue kinywe cha Lindi.

Wanaohofia kumuuzia malighafi anayeweza kuwa hasimu wana ushahidi wa historia. Mwaka 1938 makuli wa bandari ya Port Kembla, Australia, waligoma kupakia chuma ghafi kilichokuwa kikienda Japani, wakisema kitarudi kama mabomu. Mzigo uliondoka hatimaye, na Februari 1942 ndege za Japani zikaupiga mji wa Darwin. Lakini miaka hiyohiyo inatoa pia ushahidi wa upande wa pili. Marekani iliizuilia Japani chuma chakavu mwaka 1940, kisha mafuta mwaka 1941, na Japani, badala ya kurudi nyuma, ikaishambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani, Desemba mwaka huo na kuyafuata mafuta ya kusini mashariki mwa Asia kwa nguvu.

Kwetu hesabu ni tofauti, kwa kuwa Tanzania haina ugomvi na taifa lolote linalokitaka kinywe chake. Hatari yetu ni kuwa na mlango mmoja wa kutokea. China ndiyo inayosafisha sehemu kubwa mno ya kinywe cha betri duniani, na tangu Desemba 2023 inadai kibali maalumu kabla bidhaa zake za kinywe hazijavuka mpaka. Anayeuza jiwe tu, hata akimchagua mnunuzi rafiki, huenda akakuta jiwe lake limeishia kiwanda kilekile cha China.

Watu wa Mtwara na Lindi hawahitaji kufundishwa jambo hili, maana korosho zetu nyingi huondoka na maganda yake kwenda India na Vietnam. Mwaka 2018 wakulima walipozikataa bei za wanunuzi, serikali iliingia sokoni yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likatumwa kusomba mzigo. Jambo lililoanza kama bei ya mnadani likafika mikononi mwa askari.

Kwa hiyo naunga mkono kusafisha kinywe hapahapa, ingawa siamini kwamba marufuku ya ghafla, kama ile ya kusafirisha nje makinikia (mchanga wenye madini) ya Machi 2017, ndiyo njia, kwani mgodi ukisimama kijana wa Ruangwa hukosa mshahara kabla kiwanda hakijajengwa. Chanzo cha nishati kipo, kwani gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, ipo jirani. Kinachonipa wasiwasi ni namna ya kusafisha: ama tanuri la joto kali mno linalokula umeme mwingi, ama asidi ambayo ikivuja huua maji. Kabla ya kutaja jina la mwekezaji, mkataba ungetamka kwanza ni njia ipi itatumika, na nani atapima maji ya Mto Lukuledi.