ARV zinafika kichwani au zinaishia kwenye damu?

Mwaka jana tulikuwa tumekaa uani na mama mdogo wangu anachambua mchele, ghafla akaniuliza, "hivi mwanangu, kama karatasi ya kliniki inasema virusi havionekani, mbona kichwa changu kinanikimbia?" Sikuwa na jibu. Huyu ni mtu alikuwa anakopesha vitenge wanawake zaidi ya thelathini na hana daftari, nani anadaiwa shilingi ngapi na mara ya mwisho kalipa lini yote yapo kichwani, leo hii anapokea hela mkononi na baada ya nusu saa anamdai yule yule aliyemlipa. Majirani washasema yao, eti kalogwa kwa ajili ya biashara. Na kliniki anakochukulia dawa kila akieleza anaambiwa mama uko vizuri, virusi vimefubaa, anapewa vidonge vyake anarudi nyumbani na swali lake.

Tangu siku ile nimesoma sana hili jambo, na naona watu wako pande mbili. Kuna wanaosema tatizo la ubongo kwa wenye VVU lilikuwa la zamani, ARV zimelimaliza, na kuna wanaosema ubongo ni maficho ya kirusi ambako vidonge havifiki kabisa. Wote wana ukweli ndani yake ila ukishika upande mmoja tu utapotea, na kwa mgonjwa kupotea hapa ni hatari kwasababu anaweza kuacha dawa.

Tuanze na kirusi chenyewe kinafikaje huko juu. Hakisubiri mtu aumwe miaka kumi. Watafiti Thailand walipima maji ya uti wa mgongo, ndio hayo hayo yanayozunguka ubongo, ya watu waliotoka kuambukizwa juzi juzi na mmoja wa wagonjwa hao alikutwa na kirusi kwenye yale maji siku kama 8 tu baada ya kuambukizwa. Ubongo una ukuta wake, mishipa ya damu ya kichwani imebanana kuliko ya sehemu nyingine za mwili ili sumu zisipite ovyo, sasa VVU kinapita kwa kubebwa ndani ya chembe nyeupe za damu ambazo zenyewe zina ruhusa ya kuingia. Kikishaingia kinakaa kwenye mikrogilia, yaani zile chembe walinzi wa ubongo ambazo zinaishi miaka mingi sana. Chembe za fahamu zenyewe, zinazobeba kumbukumbu na mawazo, kirusi hakiziingii, zinaumia kwa moshi wa nyumba ya jirani, maana mikrogilia zilizoambukizwa zinamwaga protini za kirusi na kemikali za uvimbe, na chembe za fahamu zinadhoofika taratibu. Ule ukuta sasa unaozuia sumu ndio huo huo unaozuia dawa, na si kubana tu, una pampu pia zinazoirudisha dawa kwenye damu. Tenofoviri kwa mfano, ambayo karibu kila mtu anaimeza leo, kiasi kinachokutwa kwenye maji ya uti wa mgongo ni kama asilimia 5 tu ya kilichopo kwenye damu.

Ukisoma mpaka hapo unaweza kusema basi, dawa hazifiki. Ngoja kwanza.

Enzi zile hakuna dawa, dimenshia ya UKIMWI ilikuwa kitu cha kawaida wodini, mtu mzima anasahau watoto wake, anatembea anayumba, mwisho hajui hata jina lake. Zidovudini, ARV ya kwanza kabisa, ilipotoka 1987 moja ya vitu madaktari walivyoviona ni kwamba wagonjwa wa namna ile walianza kurudi, akili inachangamka, na jaribio lililochapishwa 1993 likathibitisha, ingawa dozi zilizotumika zilikuwa kubwa mno kuliko za leo. Na sisi huku tuna mfano wa jirani kabisa, Kampala. Pale kliniki ya magonjwa ya kuambukiza ya hospitali ya Mulago watafiti waliwapima wagonjwa 78, matokeo yakatoka 2007, asilimia 31 walikuwa na dimenshia ya VVU. Karibu mmoja kati ya watatu! Lakini timu hiyo hiyo mwaka mmoja nyuma, 2006, ilikuwa imeshaonyesha kwamba wagonjwa wa Kampala wakipewa ARV, baada ya miezi 3 na miezi 6 alama zao za akili zinapanda. Na dawa zenyewe zilikuwa zile za zamani, stavudini, lamivudini na nevirapini, stavudini ile iliyowaachia watu miguu kuwaka moto na ganzi mpaka Shirika la Afya Duniani likasema 2009 iondolewe. Kama dawa kali na chakavu kama zile ziliweza kumrudisha mtu akili, mimi siwezi kukubali eti ARV hazifanyi kazi kwenye ubongo.

Kuhusu kiasi kidogo nacho, kidogo hakimaanishi hakitoshi, na hapa wengi wanakosea hesabu. Dolutegraviri, ile D kwenye TLD (kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri), zaidi ya asilimia 98 ikiwa kwenye damu inakuwa imeng'ang'ania protini na haifanyi kazi, inayofanya kazi ni ile iliyobaki huru. Ukipima kwenye maji ya uti wa mgongo unakuta kiasi kidogo sana ukilinganisha na damu, lakini huku protini ni chache kwahiyo sehemu kubwa iko huru, na ni mara nyingi zaidi ya kiwango kinachotakiwa kukizuia kirusi. Ndo maana watu wengi sana wanaomeza dawa vizuri, ukiwatoboa mgongo ukapima, na huko kirusi hakionekani.

Sasa upande wa pili, na huu nao si wa kupuuza hata kidogo. Kuna wachache ambao damu iko safi ila maji ya uti wa mgongo yana kirusi, wengine hawana dalili yoyote, wengine wanaumwa kichwa, wanachanganyikiwa, wanayumba, na mara nyingine kirusi cha kule kimeshajenga usugu kwa dawa wanazotumia. Hao wakibadilishiwa dawa kulingana na usugu uliokutwa kwenye yale maji wengi wanapata nafuu. Halafu 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichunguza ubongo wa watu waliokubali kabla ya kufa kwamba miili yao ichunguzwe, watu waliokuwa wanameza ARV na virusi vimefubaa, na wakakuta ndani ya mikrogilia kirusi bado kipo na kina uwezo wa kuamka na kuzaliana. ARV haziui chembe iliyokwisha kuambukizwa, zinazuia kirusi kisiingie chembe mpya, ni kama umefunga geti lakini wageni washalala ndani.

Na kuna namba moja inayotisha watu sana. Utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa CHARTER, 2010, uliwapima watu 1,555 wenye VVU, wengi wao wakiwa kwenye dawa, na asilimia 52 walionekana na upungufu fulani wa akili. Nusu nzima. Ila soma mpaka ndani, waliokuwa na dimenshia kamili walikuwa asilimia 2 tu, na asilimia 33 walikuwa na alama za chini kwenye vipimo lakini maisha yao yanaenda kama kawaida, kazi wanafanya, hela wanahesabu. Hao ni wagonjwa? Ubishi ukaendelea miaka na miaka, kwasababu kwa vigezo vile hata watu wasio na VVU, ukiwapa mitihani mingi ya aina ile, sio wachache watapata alama za chini kwenye baadhi. 2023 wataalamu wa nchi mbalimbali, mmoja wa walioongoza yuko Cape Town, walitoa pendekezo kwamba alama ya chini kwenye mtihani isihesabiwe moja kwa moja kuwa ni ubongo ulioharibiwa na VVU, lazima uangalie na elimu ya mtu, msongo wa mawazo, pombe, presha na maradhi mengine. Mimi hili nimelikubali bila kusita, maana mtihani uliotungwa kwa watu wa San Diego kule Marekani ukampe mama aliyeishia darasa la nne Sumbawanga halafu useme kirusi kimemla akili, huko ni kumuonea.

Wapo waliosema basi tatizo ni aina ya dawa, tuchague zinazopenya zaidi. Mwaka 2008 ikatoka orodha inayozipa dawa alama kwa uwezo wa kupenya ubongo, na ilipoboreshwa zidovudini na nevirapini zikawa juu kabisa, tenofoviri chini kabisa. Ukiitazama inaingia akilini vizuri tu. Ila walipojaribu kwa vitendo, watu 49 wakagawanywa, wengine dawa zinazopenya na wengine za kawaida, tofauti haikuonekana na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati, ni dogo kweli, siwezi kulitegemea peke yake. Uchunguzi mwingine wa 2014 uliofuatilia zaidi ya watu 60,000 wa Ulaya na Marekani ukakuta kinyume, waliokuwa kwenye dawa zinazopenya sana ndio waliopata dimenshia zaidi. Inawezekana madaktari walishawaona hao wana dalili wakawapa dawa hizo makusudi, na inawezekana pia dawa ikizidi kichwani nayo inaumiza. Kwa lolote kati ya hayo sioni sababu ya mtu kukimbilia kuomba abadilishiwe TLD arudishwe kwenye zidovudini imletee upungufu wa damu.

Kwamba dawa ikifika kichwani inaweza kuleta shida yake yenyewe, hilo waliomeza efavirenzi, ARV iliyotumika sana kabla ya TLD, wanalijua. Mama mdogo aliimeza miaka. Alikuwa anaogopa usiku, ndoto anaota anafukuzwa, anaamka kizunguzungu mpaka ashike ukuta, tuliona ni kawaida ya dawa. Alipohamishiwa TLD ndoto zilikata ndani ya mwezi, usingizi ukarudi, akanenepa. Kumbukumbu ilirudi kidogo ila sio ile ya zamani.

Kuna hali moja ambayo haraka ya dawa yenyewe inaua. Mtu mwenye homa ya uti wa mgongo ya fangasi wa kriptokoka ukimuanzishia ARV mapema mno kinga inaamka kwa fujo kichwani. Jaribio la Uganda na Afrika Kusini, 2014, watu 177, walioanzishiwa ARV ndani ya wiki mbili walikufa asilimia 45 kufikia wiki ya 26, waliosubirishwa kama wiki tano wakitibiwa fangasi kwanza wakafa asilimia 30. Kwahiyo mgonjwa ana kichwa kinauma sana na shingo imekaza, au anachanganyikiwa, msilazimishe aanze dozi leo leo, apimwe kwanza.

Nikiweka yote pamoja, msimamo wangu ni huu: ARV zinautibu ubongo vizuri kwa lile linaloua, dimenshia kubwa zimeipunguza sana, ila haziwezi kurudisha kila kilichoharibika kabla mtu hajaanza dozi. Mama mdogo alianza CD4, yaani chembe za kinga, zikiwa hazifiki mia, alijificha miaka kwa kuogopa mume na wakwe. Siku hizi ukipimwa unaanza, Shirika la Afya Duniani lilisema hivo 2015 na Tanzania ikafuata 2016, kwahiyo anayeanza leo na CD4 nzuri hana sababu kubwa ya kuogopa kwamba yatamkuta ya mama mdogo. Kwa watoto nako Afrika Kusini walionyesha kwamba vichanga wakianzishiwa dawa ndani ya wiki za mwanzo wanakua akili na viungo vizuri kuliko waliosubirishwa. Lawama yangu naipeleka kwenye namna tunavyofuatilia. Tunapima damu, tunapima uzito, tunahesabu vidonge, kichwa hatukiulizi. Na karatasi ya wingi wa virusi ni jibu la damu, mtu akilalamika anasahau usimjibu kwa karatasi hiyo.

Na kuuliza sio gharama. Kuna kipimo kifupi cha kuchuja dimenshia ya VVU, kilichojaribiwa Baltimore ya Marekani na Kampala kikatoka 2005, hakihitaji mashine wala kujua kusoma. Unamtajia maneno manne, mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Anagonganisha kidole gumba na cha shahada haraka awezavyo kwa sekunde 5. Kisha anafanya ngumi juu ya meza, kiganja kikilala, kiganja kikisimama kwa ubavu, anarudia haraka kwa sekunde 10. Mwisho anataja yale maneno. Jumla ni alama 12, nne kwa vidole, nne kwa mikono, nne kwa maneno, akipata 10 au chini achunguzwe zaidi, ni kichujio tu, hakitoi hukumu.

Nilimfanyia mama mdogo pale pale uani ungo wa mchele ukiwa pembeni. Vidole mara 12, hiyo ni alama 3. Mikono alipita vizuri mizunguko mitatu, wa nne akachanganya ngumi na kiganja akatulia anaiangalia mikono yake kama sio yake. Mbwa, kofia, haragwe alitaja, nyekundu haikuja, nikamdokezea ni rangi, bado haikuja. 9 kwa 12.

Kliniki iliyofuata nilimsindikiza, nikaomba iandikwe kwenye faili kwamba mgonjwa analalamika kusahau. Nesi wa siku hiyo alikuwa msikivu, akampeleka kwa daktari, wakapima kaswende hana, wakapima presha ikakutwa iko juu sana na hakuna aliyewahi kumwambia, akaanzishiwa dawa ya presha, TLD anaendelea nayo kama kawaida. Imepita miezi minne, daktari kasema watarudia kumwangalia. Daftari la vitenge sasa analo, mistari kaichora mwenyewe kwa rula, na jina la kwanza aliloandika ni la yule mama aliyemdai mara mbili, pembeni yake kaweka "kalipa".