Zimwi Likujualo

Jumapili iliyopita shemeji yangu alininyang'anya rimoti nyumbani kwake. Nilikuwa nimechomeka flashi kwenye runinga, nawaonyesha watoto wa dada yangu The Munsters, kile kipindi cha Marekani cha mwaka 1964, picha nyeusi na nyeupe. Shemeji akatoka chumbani na msuli wake, akasimama, akatazama kidogo.

"Shem, haya mashetani ya nini mbele ya watoto?"

Rimoti ikaenda, akaweka tamthilia. Dakika kumi hazijaisha, mama mkwe katia sumu kwenye supu ya mke wa mwanawe, kaka kamgeuka kaka kwa sababu ya kiwanda, na bibi harusi kagundua kuwa mchumba wake ana mke mwingine. Nyuso safi, sofa nyeupe, na shetani hata mmoja hakuna. Alhamdulillah.

Sikubishana. Nilikuwa mgeni, na pilau lilikuwa bado jikoni. Nabishania hapa.

Hebu tuwaangalie hao mashetani wenyewe. Herman Munster ana sura ya lile jitu la Frankenstein, kichwa bapa, shingoni misumari. Kila asubuhi anakwenda kazini, kwenye kampuni ya mazishi. Mkewe Lily ni mnyonya damu, na mtoto wao Eddie ana masikio ya mbwamwitu. Babu, mnyonya damu mwingine, ni baba yake Lily, maana yake Herman anaishi na baba mkwe chini ya paa moja, na mzee anamharibia kila kitu kwa majaribio yake huko chini ya nyumba. Wanagombana, halafu wanakaa mezani pamoja. Nitajieni tamthilia moja ya sasa ambayo baba mkwe anaharibu kitu na hakuna anayeitwa mahakamani.

Ninayempenda zaidi humo ni Marilyn. Ni mpwa wa Lily, binti wa kawaida, mrembo, nywele za dhahabu. Wenzake ndani ya nyumba wanamwona ana kasoro, maskini wa Mungu, hakujaliwa uso. Kijana akija kumchumbia, anafunguliwa mlango na Herman, anatimua mbio. Herman na Lily wanatazamana kwa huzuni: masikini mtoto wetu, na huyu naye kamkimbia kwa sababu ya sura yake. Wanambembeleza. Hakuna anayemsimanga wala kumficha wageni wakija. Mpwa wangu wa miaka saba alikuwa ndiyo kwanza ameelewa. Aligeuka, macho yamemtoka: "Mjomba, kwa hiyo wao wanaona mbaya ni yeye?" Ndiyo, baba. Sekunde hiyohiyo ndipo rimoti ilipochukuliwa.

Sisi tunaijua familia ya namna nyingine. Ile yenye mtoto mwenye ulemavu anayepelekwa chumba cha uani siku ya kuleta posa, au shangazi asiyeitwa kwenye picha. Nimeziona kwa macho, na nyingine ni za kwetu. Halafu tukae tuogope Herman.

Waliotengeneza The Munsters, Joe Connelly na Bob Mosher, walikuwa wametoka kutengeneza Leave It to Beaver, kipindi cha familia nadhifu ya Kimarekani, bustani imekatwa na mama kapiga pasi. Wakachukua mambo yaleyale ya mtoto, shule na jirani, wakayavika vinyago. Siku 6 kabla yao, tarehe 18 Septemba 1964, kituo cha televisheni cha ABC kilikuwa kimeanza kuonyesha The Addams Family, na kwangu mimi hao ndio mabingwa, kwa sababu ya ile ndoa. Morticia anashika mkasi, anakata waridi moja baada ya jingine, maua anayatupa, vijiti vyenye miiba anavipanga kwenye chombo kwa upole kabisa. Mwanamume mwingine angeuliza kama mke wake ni mzima. Gomez anamtazama kama ndiyo kwanza amemwona leo. Morticia akitamka neno moja la Kifaransa basi, jamaa anaanza kumbusu mkono kuanzia kiganja mpaka begani. Wana watoto wawili, nyumba imejaa ndugu, mjomba yupo, bibi yupo, na hakuna anayeulizwa ataondoka lini.

Huyo mjomba, Fester, anayewasha balbu mdomoni, aliigizwa na Jackie Coogan. Ndiye yule mtoto aliyecheza na Charlie Chaplin kwenye The Kid mwaka 1921. Alivuna pesa nyingi utotoni, na alipokua akakuta mama yake na baba wa kambo wamezila karibu zote. California ikalazimika kutunga sheria mwaka 1939 kulinda mapato ya watoto waigizaji. Waliomla ni wale wasio na kinyago.

Haya, nakubali mawili matatu. Vile vicheko vya kubandika vinachosha. Utani wa Munsters unajirudia, ukitazama vipindi vitano mfululizo utasinzia. Na lile ua la Morticia linalonyonga watu limeitwa la Kiafrika, bila shaka, lingetoka wapi tena? Januari 1966 kipindi cha Batman kikaingia na picha zake za rangi, na mwaka huo vipindi vyote viwili vikafa. Rangi hizo sina ugomvi nazo.

Tulipoitwa mezani, shemeji alikuwa bado anamlaani yule mama mkwe wa supu. Mpwa wangu akanawa, akakaa, akapiga vidole mara mbili: ta, ta. Dada yake, upande wa pili wa sinia, akajibu: ta, ta. Ule mdundo wa mwanzo wa Addams niliwafundisha mimi kabla ya Munsters. Shemeji akanyanyua kichwa, akawatazama, kisha akanitazama mimi.

Nikaomba kachumbari.