Karibuni kwa Ukoo wa Mvuke

Mzee mmoja wa South C, Nairobi, alitaka jina la ukoo wake, An-Najjar, liandikwe kwa Kiarabu juu ya lango la ukumbi, mwanawe akioa. Haki yake. Jina ni zito: najjar ni seremala, na Kiarabu hukaza herufi ya kati kumpata mtu wa kazi, ndiyo maana haddad ni mhunzi na khayyat ni mshonaji. Banu Najjar walikuwa tawi la kabila la Khazraj, Madina, na Mtume alipohamia huko mwaka 622 alifikia kwa mmoja wao, Abu Ayyub. Babu yao lakini husimuliwa kwamba hakulipata jina kwa kuchonga viti. Alimpiga mtu tezo ya uso, akamchonga. Kipande hicho mzee huwa hawasimulii wakwe.

Kazi akapewa mchoraji wa matatu, mimi nikatumwa kumpelekea karatasi yenye maandishi. Kijana ana mkono huyo! Alichora kiunzi cha herufi kwanza, nukta akaziacha hadi rangi ikauke, na hapo hana kosa, hata mafundi wa hati hufanya hivyo. Ila rangi ilipokauka, karatasi ilikuwa imeshafungia mtu mandazi.

Sasa, katika Najjar, nuni, yaani N, ina nukta moja juu na jimu, yaani J, ina moja chini. Kijana akaziweka kwa kupima uzuri: ya kwanza chini, ya pili juu. Nukta ni zile zile mbili, zimebadilishana ghorofa tu. Nuni ikawa bee, jimu ikawa khee. Bukhar. Mvuke.

Ustadhi alipofika langoni akainua uso, akasoma kwa tajwidi, na lamu, ile L ya "al-", ambayo mbele ya nuni humezwa akaitamka wazi, maana mbele ya bee haimezwi: "Aalul-Bukhar!" Akawafasiria wasiojua: ukoo wa mvuke. Shangazi wa bibi harusi akauliza, "Kwani wakwe zetu wana dobi, ama ni sufuria ya biriani?"

Ngazi ikaletwa. Kijana akapanda na tambara lenye thina, mimi nikashika ngazi. Rangi ya mafuta iliyokauka nusu haifutiki, hutambaa, kwa hiyo alisugua hadi bango likawa na mawingu. Ya chini ikatoka. Ya juu ikatoka. Akairudishia jimu nukta yake. Ikabaki nuni.

"Nukta juu!" ustadhi akaita.

"Nukta juu!" nami nikaita, kumsaidia asikie, kwa kuwa spika zilikuwa zinajaribiwa.

Akasikia nukta mbili, akaweka mbili. Nuni yenye nukta mbili juu si nuni tena, ni tee.

Wakati huo mashangazi walikuwa wameshika mlango wa ukumbi wakidai ada ya kufungua, wakikaribia kukubali elfu tano. Ustadhi akasoma upya, safari hii lamu ikamezwa vizuri kabisa: "Aalut-Tujjar. Ukoo wa wafanyabiashara."

Mlango ukarudishiwa komeo.

"Elfu hamsini," shangazi akasema.

"Dada yangu, sisi ni maseremala!" mzee akalia, mkono umekwama mfukoni mwa kanzu.

"Soma bango lako, kaka."